Kipato cha kusifu bidhaa: Halali inakomea wapi?

KIJANA mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Isha. Alinitolea salamu, akaniambia, "Maalim, nina suala, lakini si la kuuliza mbele ya watu." Tukakaa kwenye kibaraza, yeye akiwa ameshika viatu vyake mkononi kama mtu asiyejua atakaa au ataondoka.

Kijana huyu amesomea mambo ya uhusiano na masoko. Kazi yake kwenye mkataba inaitwa usimamizi wa chapa, yaani kulitunza jina la bidhaa ya mteja lisichafuke na lizidi kung'ara. Anayo kompyuta yenye programu za kumjulisha kila jina la mteja linapotajwa mahali popote mtandaoni, saa ngapi watu wengi wako macho kwenye simu zao, na tangazo lipi limewagusa. Anajibu malalamiko, anapanga picha, anaandika maneno matamu. Mpaka hapo sikuona tatizo, nami nikamwambia hivyo.

Ndipo akanieleza lililobaki. Pamoja na ukurasa rasmi wa mteja, anaendesha akaunti 32 za watu wasiokuwepo. Kila mmoja ana jina, picha na maisha yake. Yupo mzee mstaafu wa Tanga. Yupo dereva wa bodaboda wa Mwanza. Yupo mama mmoja wa Tandika, ambaye yeye na wenzake ofisini wanamwita Mama Sharifa. Mteja wao mmoja anauza unga wa mitishamba, na Mama Sharifa kila wiki anawasimulia wasomaji namna unga huo ulivyoishusha sukari yake. Zamani, anasema, alikuwa akitunga maneno hayo mwenyewe na kuchoka. Siku hizi akili mnemba inamwandikia ushuhuda 20 kwa dakika moja, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Kilichomleta kwangu ni simu ya mama yake mdogo aliyeko Morogoro. Bibi huyo ana kisukari kwa miaka mingi. Alimpigia mwanawe huyu akamwambia, "Mwanangu, wewe uko Dar, hebu nitafutie huyu Mama Sharifa wa Tandika, maana tuna maradhi mamoja na yeye amepona." Alikuwa ameacha vidonge vya hospitali kwa miezi miwili, na kidole cha mguu kimeanza kidonda.

"Maalim," akaniuliza, "mshahara wangu ni halali?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia tuonane Jumamosi, kwani suala la mtu kuhusu chakula cha watoto wake halijibiwi watu wakiwa wamesimama. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyafikiri katikati ya siku hizo. Nayaandika kwa sababu naamini vijana wengi wetu, wa kike na wa kiume, sasa wanakula kwa kazi hii, na wengi hawana wa kumuuliza.

Ndugu msomaji, tuanze na lililo wazi. Kusifu bidhaa si haramu. Nabii Yusuf (A.S.) alipotaka kukabidhiwa hazina za Misri alimweleza mfalme sifa zake mwenyewe, kuwa yeye ni mlinzi na mjuzi, kama tunavyosoma katika sura yenye jina lake, aya ya 55. Alisema kweli, alisema mbele ya anayehusika, na kila mtu alijua kuwa msemaji ni Yusuf.

Vitabu vya adabu vya Waarabu vinacho kisa ambacho watu wa masoko wangepaswa kukifundisha vyuoni. Kimo katika Kitab al-Aghani cha Abul-Faraj al-Isfahani. Mfanyabiashara alitoka Kufa na shehena ya shungi akaja kuuza Madina. Rangi zote zikaisha, zikabaki nyeusi. Akaenda kwa rafiki yake, mshairi ad-Darimi, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha acha mashairi na kujitupa kwenye ibada. Mshairi akamtungia beti mbili juu ya mwanamke mzuri mwenye shungi nyeusi aliyemvuruga mcha Mungu katika swala yake, na waimbaji wakazieneza. Mji mzima ukaamini kuwa ad-Darimi ameacha ibada. Wanawake wakanunua shungi nyeusi mpaka zikaisha, naye mshairi akarudi msikitini.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka, nami nilikicheka mara nyingi. Safari hii nilikisoma taratibu. Shungi zilikuwa nzima, bei ilikuwa ya haki, hakuna aliyedhurika. Lakini kilichouza shungi si uzuri wa beti peke yake. Ni imani ya watu kuwa maneno yale yamemtoka mshairi kwa mapenzi na si kwa ajili ya kumaliza mzigo wa rafiki yake. Wangejua, wangenunua? Baadhi wangenunua. Hapo ndipo mlango ulipo, na ad-Darimi alisimama juu ya kizingiti.

Soko la Kiislamu lilimfahamu mtu anayeuza kwa ulimi wake, na neno lake tunalo mpaka leo: dalali. Ash-Shayzari, aliyeandika kule Shamu katika karne ya 12 kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa masoko, aliwawekea madalali mlango wao maalumu. Anawataka wawe watu waaminifu, wasiongeze bei kwa nafsi zao, na wakiijua kasoro ya bidhaa wamjulishe mnunuzi. Tazameni: dalali amelipwa na muuzaji, na bado ana amana kwa mnunuzi. Hakuambiwa aache kusifu. Aliambiwa asifiche.

Sasa linganisha dalali na mtu mwingine ambaye Mtume (S.A.W.) alimkataza waziwazi katika hadithi ya Ibn Umar, iliyomo kwa Bukhari na Muslim. Huyo ni najishi. Ni mtu anayesimama kwenye mnada akipandisha bei, naye hana nia ya kununua. Wanalugha wanasema asili ya neno ni kumtimua mnyama mafichoni ili mwindaji ampate. Ibn Abi Awfa, mmoja wa Masahaba, alimweka najishi katika kundi moja na mla riba na haini.

Nimelifikiri sana jambo hili. Najishi hasemi uongo. Akisema "elfu hamsini" hajatoa habari yoyote ya uongo kuhusu kitambaa au mbuzi. Huenda hata mbuzi yule anastahili elfu hamsini. Uongo uko katika mahali aliposimama. Amesimama safu ya wanunuzi ilhali yeye ni mtu wa muuzaji. Mnunuzi wa kweli haangalii mbuzi peke yake, anaangalia pia nyuso za wenzake, na kumbe uso mmojawapo umekodiwa.

Msomaji aliyesafiri kwa mabasi madogo ya stendi zetu anamjua mtu huyu bila kusoma kitabu. Mpiga debe ana kelele, anakuvuta begi, anakuambia gari linaondoka sasa hivi, nawe unajua kuwa huyo ni mpiga debe na unapima maneno yake. Hakudanganyi sana. Anayekudanganya ni wale mabwana watano waliokaa kimya ndani ya gari, na mabegi magotini, wamejifanya abiria. Unaingia kwa sababu yao, unakata tiketi, kisha mmoja mmoja wanashuka "kununua maji" na hawarudi, nawe unakaa saa mbili kwenye jua. Hawakusema neno lolote!

Mama Sharifa wa Tandika ni abiria wa namna hiyo. Ukurasa rasmi wa kampuni ni mpiga debe.

Wako watakaosema nakuza jambo dogo, unga wa mitishamba na shungi. Basi tutazame kazi hii ilikofika mikononi mwa wakubwa wake.

Mwaka 1929, siku ya Pasaka, wanawake waliandamana New York katika barabara ya Fifth Avenue wakiwa wamewasha sigara, na magazeti yakaandika kuwa wanadai uhuru wa mwanamke. Nyuma yao alikuwepo Edward Bernays, anayehesabiwa kuwa mmoja wa baba wa kazi ya uhusiano, akiwa amelipwa na kampuni ya tumbaku ya American Tobacco. Wanawake walikuwa wa kweli, sigara zilikuwa za kweli, na madai ya haki yalikuwa ya kweli. Kilichofichwa ni mlipaji tu.

Tarehe 10 Oktoba 1990, miezi miwili baada ya Iraq kuivamia Kuwait, binti wa miaka 15 aliyetajwa kwa jina moja tu la Nayirah alilia mbele ya kikao cha wabunge wa Marekani. Alieleza kuwa aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga kwenye mashine za kuwatunzia hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Maneno yake yalirudiwa na Rais Bush mzee na maseneta mpaka vita ikaanza Januari 1991. Mwaka 1992 ikafichuka kuwa binti huyo ni mtoto wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kuwa ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano ya Hill and Knowlton, iliyolipwa zaidi ya dola milioni 10 kupitia jumuiya iliyojiita ya raia wa Kuwait huru. Wachunguzi wa haki za binadamu waliokwenda Kuwait baada ya vita hawakupata uthibitisho wa kisa kile. Kuivamia Kuwait kulikuwa dhulma, hilo halihitaji kupambwa. Lakini watu waliohesabu ndio au hapana juu ya vita walidhani wanamsikiliza msichana wa hospitali, kumbe wanaisikiliza hati ya malipo.

Na hapa kwetu Afrika, kampuni ya Kiingereza ya Bell Pottinger iliajiriwa mwaka 2016 na kampuni ya Oakbay ya familia ya Gupta huko Afrika Kusini, kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni laki moja kwa mwezi. Familia ile ilikuwa inatuhumiwa kuitafuna serikali ya Rais Jacob Zuma. Kazi ikawa kuwahamisha watu macho. Zikaenezwa mtandaoni kelele juu ya mtaji wa Wazungu walioshika uchumi, zikisaidiwa na akaunti bandia chungu nzima. Angalieni ujanja wenyewe: dhulma ya kiuchumi ya Afrika Kusini ni ya kweli, ina makaburi na mashahidi. Wakaichukua kweli hiyo, kilio cha watu masikini, wakaifanya pazia la matajiri. Septemba 2017 chama cha kampuni za uhusiano cha Uingereza kikaifukuza Bell Pottinger, wateja wakakimbia, na mwezi huo huo kampuni ikafilisika. Watu waliotunza majina ya wengine kwa miaka 30 hawakuweza kulitunza lao kwa wiki mbili.

Turudi kwa kijana wetu na hoja zake, maana Jumamosi alikuja na hoja, naye si mjinga.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba mnunuzi ana akili, achunguze mwenyewe. Hoja hii ina mguu. Suratul-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha tuchunguze habari tunazoletewa. Na sisi watu wa pwani, tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, tunalo jambo la ajabu kidogo katika Minhaj ya Imam Nawawi: mnunuzi aliyeponzwa na najishi, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hana hiari ya kurudisha bidhaa, kwa kuwa alizembea kuchunguza. Wanazuoni wengine, kama Wamaliki, wanampa hiari. Lakini msomaji asikimbilie kufurahi. Hitilafu yao iko kwenye mauzo. Juu ya dhambi ya najishi mwenyewe hawakuhitilafiana. Uzembe wa mnunuzi unaweza kumnyima haki yake ya kurudishiwa fedha, haumsafishi aliyemtega. Na bibi wa Morogoro amchunguze vipi Mama Sharifa? Amemtafuta mpaka amempigia simu mtunzi wake!

Hoja ya pili ndiyo inayotumiwa na kila mwajiriwa duniani. Mimi si mwenye unga, nimeagizwa. Nikamsimulia kisa cha Wathila bin al-Asqa', Sahaba wa Mtume, ambacho amekipokea Imam Ahmad na akakitaja Imam Ghazali katika Ihya. Mtu aliuza ngamia, mnunuzi akaondoka naye. Wathila alikuwa amesimama tu pale, hana hisa. Akamkimbilia mnunuzi akamuuliza kama amemnunua wa kuchinja au wa safari, na alipojua ni wa safari akamjulisha kuwa kwato la mnyama lina kasoro. Mnunuzi akarudi, bei ikapunguzwa, na muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Jibu lake likawa kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akisema si halali kuuza bila kubainisha kasoro, wala si halali kwa anayeijua kuinyamazia. Ikiwa mpita njia ana wajibu, mwajiriwa anayelipwa kwa ajili ya kuificha atasema nini?

Hoja ya tatu ilinisumbua zaidi, kwa sababu ilikuwa ya dini. Akasema, "Maalim, si tunafundishwa kusitiri? Mteja wangu akiandikwa vibaya, mimi nasukuma habari ile mbaya mpaka ukurasa wa pili wa Google ambako hakuna anayefika. Hiyo si sitara?"

Sitara ni jambo tukufu, na ninakubali kuwa iko haki ya mtu kusahauliwa. Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya mwaka 2014 ilimpa raia wa Hispania haki ya kutaka habari ya zamani ya deni lake iondolewe kwenye majibu ya Google, na nilipoisoma kesi ile nilisema moyoni kuwa Makafiri wametutangulia katika jambo letu. Mtu aliyekosea, akalipa, akatengenea, kwa nini jina lake liburutwe mpaka kaburini? Kijana akifanya kazi ya kumtetea mtu kama huyo ninamwombea thawabu.

Lakini sitara ni ya dhambi ya mja baina yake na Mola wake. Kasoro ya bidhaa inayoingia tumboni mwa watu haina sitara. Fatima binti Qays alipochumbiwa na Muawiya na Abu Jahm alikwenda kumtaka ushauri Mtume (S.A.W.), naye hakumfichia: mmoja hana mali, mwingine ana mkono mwepesi kwa wanawake. Imam Nawawi alipozitaja hali sita ambazo kumsema mtu si usengenyaji haramu, kuwatahadharisha watu na madhara ni mojawapo. Mgonjwa anayelalamika kuwa unga umemdhuru anafanya kazi ya tahadhari. Kumzika ukurasa wa pili si kumsitiri mtu, ni kuwafunga watu macho wakiwa wanavuka barabara.

Nikiyasema haya nilijiona nina hoja nzuri, mpaka kijana akatoa simu yake mfukoni. Akanionyesha ukurasa wa taasisi moja yetu ya Kiislamu, nisiyoitaja, iliyomwomba awanunulie wafuasi elfu kumi ili wafadhili wa nje waione kubwa. Akanionyesha picha ya mtoto yatima anayelia, ambayo aliombwa aitumie kwenye michango mitatu tofauti, ya miji mitatu. "Hawa nao ni najishi?" akaniuliza.

Nikanyamaza kwa muda. Suratu Al Imran aya ya 188 inawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyafanya, na sikuona humo kuwa waliosajiliwa kama taasisi ya dini wametolewa. Tena kwao ni vibaya zaidi, kwani mwenye unga anachezea fedha za mnunuzi, na hawa wanachezea sadaka na sura ya yatima ambaye hakuulizwa. Nikamwambia ndio, nao pia. Sikufurahi kulisema.

Sheria ya nchi hapa haiko mbali na tunayoyasema. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Marekani tangu Oktoba 2024 imeanza kutumia kanuni inayokataza ushuhuda bandia wa wateja, ukiwemo unaotungwa na mashine. Ila kijana hakuja kuuliza kuhusu faini.

Kwa hiyo nilimjibu hivi kuhusu mshahara wake. Ujira wa kuandika ukweli kwa jina la mteja, kujibu wateja, kupanga picha, ni halali na asiuonee haya. Ujira wa Mama Sharifa na wenzake 31 ni wa najishi, na fungu hilo la mshahara aliogope. Akaniuliza atalipimaje fungu, nami nikamwambia kwa saa, kama anavyowatoza wateja wake. Imesimuliwa kuwa mshirika wa Imam Abu Hanifa aliuza nguo yenye kasoro akasahau kuitaja, na mnunuzi hakupatikana tena. Imam akaitoa sadaka thamani ya mzigo wote. Huyo alisahau tu.

Akasema atafuta akaunti zote usiku ule. Nikamwambia kufuta hakutoshi. Katika Suratul-Baqara aya ya 160 wanaosamehewa kwa kuficha ni wale waliotubia, wakatengeneza, na wakabainisha. Walioamini maneno ya Mama Sharifa bado wanayaamini, na akitoweka watadhani amefariki au amehama. Lazima wajulishwe kuwa hakuwahi kuwepo. Kijana akaniangalia akasema, "Maalim, nikiandika hivyo nafukuzwa kazi kesho yake, na nina watoto wawili na kodi ya nyumba." Sikuwa na la kumwongeza. Aliyeshiba ni rahisi kwake kutoa fatwa.

Zimepita wiki sita. Amemwambia bosi wake kuwa hataendesha tena akaunti za watu wasiokuwepo, wakamhamishia kwa wateja wengine na mshahara ukapungua. Akaunti zile hazikufutwa, amepewa mwenzake. Mama yake mdogo amerudi kwenye vidonge vya hospitali na kidonda kinasafishwa kila siku mbili. Bado anamuuliza kwenye simu kama amempata Mama Sharifa, naye mpaka juzi nilipomuona alikuwa hajamwambia.